Bustani Nayo ni Huduma ya Afya: Nani Analipia Kivuli cha Mnazi Mmoja?

Hakuna agizo linalotolewa kwa wepesi zaidi katika kliniki zetu kuliko lile la kumtaka mgonjwa atembee. Mwenye kisukari huambiwa atembee. Mwenye shinikizo la juu la damu huambiwa atembee. Aliyenusurika kiharusi, mzee mwenye maumivu ya magoti, kijana anayekosa usingizi kwa sababu ya sonona, wote huandikiwa matembezi ya nusu saa kwa siku, na mfamasia hana cha kuwapimia. Agizo lenyewe ni sahihi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na watoto wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Lakini mgonjwa anayeishi katika chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, au Mchikichi, au Narung'ombe, akivuka kizingiti cha mlango wake hukutana na mikokoteni, pikipiki, marobota ya nguo yaliyopangwa hadi katikati ya njia, na maji machafu ambayo kila mtu huyaruka kwa namna yake. Humo ndimo tunamotaka mtu mwenye ganzi ya miguu atembee nusu saa.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna uwanja wenye miti. Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyo kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba, ndiyo nafasi kubwa ya wazi iliyo karibu zaidi na maelfu ya wakazi wa Kariakoo, Gerezani, Kisutu na sehemu za Upanga, na hospitali inayobeba jina hilohilo iko jirani. Katika makala haya ninadai kwamba utunzaji wa viwanja hivyo, na vingine vya aina yake jijini, ni gharama ya afya kama ilivyo gharama ya chanjo au ya maji safi, na kwamba gharama hiyo yapasa ionekane waziwazi katika bajeti ya kila mwaka, chini ya msimamizi mmoja anayejulikana. Kwa sasa tunaishi katika mazoea mengine: bustani hutengenezwa kwa kishindo, kisha huachwa ijitunze.

Kabla ya kuzungumzia fedha, hatuna budi kukumbuka kwamba taaluma yetu ina deni la kihistoria juu ya ardhi ile. Mnazi Mmoja haikuachwa wazi kwa kuwapenda waliokuwa wakiishi kandokando yake. Serikali ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, ziliugawa mji katika kanda tatu ambazo wazee wetu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo la Kariakoo, lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi pale, lilifanywa kuwa makazi ya Waafrika. Kati yake na Uhindini ukaachwa ukanda mtupu. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu. Madaktari wa enzi ile, akiwamo Profesa W. J. Simpson aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1913 kuchunguza hali ya usafi wa miji, walishauri jamii zitenganishwe na uwanda usiojengwa uachwe katikati, kwa imani kwamba malaria, tauni na maradhi mengine yangebaki upande wa pili. Huko Unguja nako, viwanja vya Mnazi Mmoja vimelala kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na sidhani kama ni sadfa. (Kwa msomaji wa Unguja, Mnazi Mmoja na Kidongo Chekundu ni majina ya hospitali kwanza, kwa wa Dar es Salaam ni majina ya viwanja.)

Linalosikitisha ni kwamba wakati huohuo utabibu wa Uingereza ulikuwa umekwisha kujua matumizi mengine ya nafasi ya wazi. Mwaka 1839, William Farr, aliyekuwa akichambua takwimu za vifo katika ofisi ya Msajili Mkuu jijini London, aliandika kwamba bustani ya umma katika upande wa mashariki wa jiji hilo, walikoishi mafukara, ingepunguza vifo kwa maelfu kila mwaka. Wakazi wa huko wakaidai, na mwaka 1845 Victoria Park ikafunguliwa kwa umma. Kwa maskini wa London, daktari aliagiza bustani ili wapumue. Kwa maskini wa Dar es Salaam, daktari aliagiza uwanda ili wasipumue karibu na wengine.

Wananchi waliigeuza maana ya uwanja ule bila kumwomba mtu ruhusa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyo jirani, kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba, na ukanda uliokusudiwa kuwatenga watu ukawa mahali pa mikutano yao ya kudai uhuru. Leo Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama pale. Pamefanyika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, sala za Idi, mikutano ya injili, maonyesho, na michezo ya watoto wa shule za karibu. Huo ni urithi mzuri. Hata hivyo, uwanja wenye heshima kubwa ya kitaifa unaweza kukosa heshima ndogo ya kila siku, yaani bomba linalotoa maji, benchi lisilovunjika, na choo.

Nianze na choo, kwa sababu wapangaji wa bustani hukitaja mwishoni nasi twapaswa kukitaja mwanzoni. Mgonjwa wa shinikizo la damu au wa moyo anayemeza dawa ya kuongeza mkojo asubuhi hawezi kukaa mbali na choo kwa saa kadhaa. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijatulia hukojoa mara kwa mara. Mjamzito, mwanamume mwenye tezi dume iliyokua, mama aliyepata fistula au aliyelegea misuli ya nyonga baada ya uzazi mwingi, bibi aliyefuatana na mjukuu wa miaka mitatu, wote hawa hupanga safari zao kwa kufuata vyoo. Tukiwauliza kwa upole katika kliniki kwa nini hawatembei, wengi husema wamechoka au hawana muda. Ukizidi kuuliza, na mlango ukiwa umefungwa, wanasema ukweli. Bustani isiyo na choo safi ni bustani ya vijana wa kiume wenye afya njema. Wengine wote wamefungiwa nje, ingawa lango liko wazi.

Choo cha umma nacho hakiishi kwa kujengwa. Kinaishi kwa mtu anayekisafisha mara nne au tano kwa siku, kwa sabuni, kwa ankara ya maji inayolipwa, na kwa fundi wa kubadilisha koki siku ileile inapovunjika. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo bajeti zetu huitaja kwa majina mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Matumizi ya maendeleo ndiyo yanayozinduliwa. Yana jiwe la msingi, utepe na mgeni rasmi. Matumizi ya kawaida hayana sherehe. Ni mshahara wa mtunza bustani, mafuta ya mashine ya kukata majani, taa iliyoungua, mti uliooza tawi kabla halijamwangukia mtu, takataka zinazoondolewa kila alfajiri, na mfereji unaozibuliwa kabla ya masika badala ya baada yake. Kila afisa wa afya anaijua hali hii katika zahanati: jengo zuri lililokabidhiwa kwa shangwe, ambalo mwaka wa tatu halina glavu.

Gharama hizo si za kutisha. Tuchukue kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Watunza bustani 10 kwa kima hicho ni shilingi milioni 5 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka, ukiacha michango ya hifadhi ya jamii na vifaa. Sasa tuweke pembeni ya hesabu hiyo mgonjwa mmoja ambaye figo zake zimeharibiwa na shinikizo la damu. Husafishwa damu mara tatu kwa wiki, ambayo ni mara 156 kwa mwaka, na huendelea hivyo maisha yake yote au hadi apandikizwe figo. Msomaji anaijua bei ya kipindi kimoja katika hospitali anayofanyia kazi au anayotibiwa. Na aizidishe mwenyewe kwa 156, kisha kwa idadi ya wagonjwa anaowafahamu. Sidai kwamba bustani ingewaokoa wote hao. Nadai kwamba tunalipa upande mmoja wa hesabu bila kuuliza, na upande mwingine tunausubirisha mwaka hadi mwaka kwa sababu eti ni mapambo.

Wala si tatizo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban mmoja kati ya 11 alikuwa na sukari iliyozidi kiwango. Tangu wakati huo jiji limeongezeka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hakuna aliyeongeza ardhi. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani imependekeza kwamba kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake. Kwa kipimo hicho, kuna mitaa ya jiji letu ambako mtoto hukua hadi kuoa pasipo kuishi karibu na bustani hata siku moja.

Ushahidi kuhusu miti yenyewe hatuhitaji kuutia chumvi. Watafiti hupenda kumtaja Roger Ulrich, aliyechapisha mwaka 1984 ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospital moja ya Pennsylvania, Marekani; wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mdogo, na mtu mwenye tahadhari hawezi kuujengea sera ya jiji zima. Kilicho imara zaidi ni mambo ya kawaida: kivuli hupunguza joto linalomlemea mzee na mgonjwa wa moyo, mahali salama pa kutembea huwafanya watu watembee, na mtu mpweke akipata pa kukaa bila kununua chochote, huonana na watu. Jijini mwetu, kukaa bila kununua chochote kumekuwa anasa.

Kutelekeza nako kuna gharama yake, tena hiyo hulipwa na idara yetu moja kwa moja. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya kidingapopo mwaka 2014 na mwaka 2019. Mbu wa Aedes, aenezaye ugonjwa huo, hahitaji bwawa. Humtosha kifuniko cha chupa, kopo la plastiki au tairi lenye maji ya mvua. Baada ya kila mkusanyiko mkubwa katika uwanja wowote wa jiji hubaki makopo. Yakiokotwa usiku uleule, ni takataka. Yakikaa juma moja na nusu wakati wa mvua, ni mazalia. Jiji hili lilikwisha kujifunza jambo hilo katika mradi wa kudhibiti malaria mijini ulioanza mwaka 2004, ambapo wakazi waliofunzwa walipita mtaa kwa mtaa wakikagua madimbwi na kunyunyizia viuaviluwiluwi vya kibaiolojia. Ugumu wa kazi ile ulikuwa katika kuirudia kila juma. Mbu hana mwaka wa fedha.

Historia ya utawala wa jiji inatoa onyo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri za miji zilivunjwa, na kazi zake zikahamishiwa mikoani na wilayani kwa lengo jema la kupeleka madaraka vijijini. Miji ikakosa mwenyewe. Takataka zikalundikana, mifereji ikaziba, na mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kikaikumba nchi. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzirejesha halmashauri za miji. Mtu anayefikiri kwamba muundo wa usimamizi ni jambo la makarani lisilomhusu mganga, na aisome miaka ile.

Tangu hapo jiji limebadilisha sura mara kadhaa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya Halmashauri mpya ya Jiji. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kila mabadiliko yana sababu zake, nami si mjuzi wa siasa za miji. Ila najua kinachotokea kwa faili la mgonjwa anapohamishwa wodi mara nne. Kiwanja cha wazi kina majani ambayo ni ya halmashauri, mfereji wa kando ya barabara ambao huenda ni wa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, bomba ambalo ni la DAWASA, na sherehe ambazo ni za taifa zima. Mfereji ukiziba, kila mmoja wa hao anaweza kusema kweli tupu kwamba si wake. Waswahili tumekwisha kuipa jina mali ya namna hiyo: shamba la bibi.

Matokeo yake ni utaratibu ambao kila mkazi wa mjini ameuona. Sherehe ikikaribia, uwanja hufagiwa, mawe hupakwa chokaa, miti hukatwa matawi, magari ya maji huja alfajiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiondoka, kupona kunaisha. Fedha zilizotumika kwa siku tatu za pilikapilika, zikigawanywa kwa mwaka mzima, zingelipa watu kadhaa wa kudumu ambao wangefanya kazi hiyohiyo kidogo kidogo, na mgeni angekuta uwanja uko tayari.

Wako wanaopendekeza dawa ya haraka: zungushia ua, weka lango, toza kiingilio. Nairobi hutajwa kama mfano. Msitu wa Karura, ulionusurika mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mapambano yaliyoongozwa na Profesa Wangari Maathai, ulikuwa mahali pa kuogofya hadi ulipozungushiwa ua na kusimamiwa kwa pamoja na Idara ya Misitu ya Kenya na jumuiya ya wakazi. Leo familia hulipa kiingilio na kutembea kwa amani. Ni mafanikio ya kweli. Lakini Karura una zaidi ya hekta 1,000 na wengi hufika huko kwa kukusudia. Mnazi Mmoja ni uwanja wa mtu anayepita: mbeba mizigo wa Kariakoo anayepumzisha mgongo saa saba mchana, mama aliyetoka kliniki na mtoto mwenye homa, ndugu wa mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara. Ukimtoza huyo shilingi 1,000, hatalipa. Atakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Nairobi hiyohiyo ina funzo la pili. Uhuru Park, ambayo Maathai huyohuyo aliitetea mwaka 1989 dhidi ya ujenzi wa jengo la ghorofa 60, ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati uliotarajiwa kuchukua miezi michache, nao ukachukua miaka. Bustani iliyofungwa kwa miaka kwa ajili ya kupendezeshwa imewanyima watu kile walichokihitaji zaidi, nayo ni mazoea ya kuitumia. Mgonjwa aliyeacha kutembea mwaka mmoja harudi kwa sababu maua ni mapya.

Karibu nasi zaidi, Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kwa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani na kufunguliwa tena mwaka 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, taa na mifereji vikawekwa, na wauza vyakula vya usiku wakapangiwa mahali badala ya kufukuzwa. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Wapo wenzetu wanaoamini bustani safi ni ile isiyo na mama lishe wala machinga. Mimi naona muuza maji ya dafu na muuza matunda, wakiwa wachache, wenye sehemu yao na wajibu wao wa usafi, ni macho ya bustani. Mwanamke hutembea kwa amani zaidi jioni penye watu wanaofahamiana kuliko penye kimya. Tatizo huanza pale idadi isipokuwa na mpaka na anayewapanga anapobadilika kila juma.

Ufadhili nao una mipaka. Kidongo Chekundu, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja, ilifunguliwa Oktoba 2015 ikiwa Kituo cha Michezo cha Vijana cha Jakaya Kikwete, kwa ushirikiano wa kampuni ya Symbion Power na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Vijana wamepata viwanja bora ambavyo halmashauri peke yake pengine isingevijenga. Hata New York, Central Park hutunzwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za shirika la hisani lililoundwa mwaka 1980. Lakini Central Park imezungukwa na matajiri. Bustani za mitaa ya mafukara wa jiji lilelile hazina majirani wa namna hiyo. Mfadhili huchagua anachokipenda, nacho aghalabu ni kujenga. Sijaona bango la mfadhili lililoandikwa kwamba mshahara wa msafisha choo umelipwa na fulani kwa miaka 10.

Ndiyo maana narudi kwenye kasma. Halmashauri zetu zimezoea kutenga sehemu ya mapato ya ndani kwa kusudi maalumu: sheria inazitaka zitenge asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama hilo linawezekana, kutenga sehemu ndogo zaidi ya hiyo kwa utunzaji wa maeneo ya wazi si ndoto. Tena makusudi haya mawili yanaweza kukutana: kikundi cha vijana wa Gerezani au cha wanawake wa Kariakoo kikipewa mkataba wa mwaka wa kufagia, kumwagilia na kusafisha vyoo, kina kazi na jiji lina bustani. Ada zinazotozwa wanaokodi viwanja kwa matamasha nazo zingefaa kubaki palepale zilikotozwa, na ubao langoni useme mwezi huu zimeingia kiasi gani na zimetumika kwa nini. Kiingilio cha mtu mmojammoja kisiwepo. Na awepo mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu kwenye ubao huohuo, ambaye mfereji ukiziba hawezi kusema si wake.

Najua pingamizi litakalotoka ndani ya taaluma yetu, kwa sababu nimelisikia kwenye vikao. Wodi zina wagonjwa wawili kitanda kimoja, dawa zinapungua, nawe unazungumzia majani? Ni pingamizi la haki, na lina uzito kwa muuguzi anayelisema saa nane za usiku. Jibu langu ni kwamba fedha hizi hazichukuliwi kwenye dawa; ni za halmashauri, na zisipokwenda kwenye bustani hazitakwenda kwenye wodi kwa kujipeleka zenyewe. Zaidi ya hayo, Kariakoo ilipounguliwa na soko lake tarehe 10 Julai 2021, na jengo la ghorofa lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, kila aliyehusika na uokoaji alikumbushwa jinsi mitaa ile ilivyobana. Mpango wowote wa dharura wa katikati ya jiji unahitaji mahali pa kuegesha magari ya wagonjwa na kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao. Mahali hapo hapatengenezwi siku ya maafa.

Suala hili lina haraka kuliko linavyoonekana, kwa kuwa jiji linakaribia kupata bustani kubwa kuliko zote ilizowahi kuwa nazo. Mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuligeuza bonde la chini, pamoja na Jangwani, kuwa mahali pa kupitisha mafuriko na bustani ya jiji. Ni mradi wa maana. Mafuriko ya Msimbazi yamekwisha kutuua vya kutosha. Lakini mkopo wa ujenzi una tarehe ya kwisha, na mto huleta mchanga na takataka kila masika. Siku mkandarasi atakapokabidhi funguo, jiji litahitaji watu, mashine na fedha za kila mwezi kwa eneo linaloizidi Mnazi Mmoja mara nyingi. Kama hatujajifunza kulipia uwanja mdogo ulio mbele ya hospitali, bonde zima litatushinda ndani ya misimu miwili ya mvua, na maji yaliyotuama yatakuwa ya mbu.

Kwa hiyo wenzangu wa afya wana kazi ambayo haihitaji ruhusa ya wizara. Afisa afya wa kata anaweza kuiingiza bustani katika ukaguzi wake wa kawaida, kama anavyoingiza migahawa, na kuandika alichokiona. Kliniki ya kisukari inaweza kukutana na wagonjwa wake uwanjani asubuhi moja kwa mwezi, watembee pamoja na kupimana shinikizo, na kuwauliza palepale walichokikosa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri hujadili makisio yake miezi kadhaa kabla. Vikao vya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi. Muuguzi mmoja na wagonjwa wawili wakikaa viti vya nyuma, wafungue kitabu cha makisio, watafute mstari wa utunzaji wa maeneo ya wazi. Ukiwapo, waangalie kama umetaja msafisha choo. Usipokuwapo, wamwulize diwani wao kabla hajatoka ukumbini.